Nukta Nyekundu Mchangani

Bwenini,
6 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumai wewe na Shangazi hamjambo. Mimi sijambo, na picha pia haijambo. Nilisafiri nayo nimeipakata kama mtoto mchanga, mpaka mama mmoja aliyekaa karibu nami akaninong'oneza, "Amelala?" Nikamwambia ni picha. Akasogea upande wa pili.

Mwalimu wa sanaa ametupa kazi ya muhula mzima. Kila mmoja alete picha moja kutoka nyumbani, aitazame kila wiki, kisha aandike anachokiona. Siyo anachokijua, anachokiona. Hilo amelirudia mara tatu. Wengi wameleta picha za kalenda. Mimi peke yangu nimeleta iliyochorwa kwa mkono, tena mkono wa mama yangu.

Tumefundishwa kusimama mbali kwanza, halafu kusogea. Nikiwa hatua sita naona bahari, mchanga, na anga la mawingu. Nikisogea mpaka pua ikaribie kitambaa, bahari inatoweka. Zinabaki rangi zilizopakwa moja juu ya nyingine: bluu, kijivu, waridi kidogo, na kijani ambacho sikuwahi kukiona, ingawa picha hii imetundikwa ukutani juu ya meza yetu ya kulia miaka yote. Na povu la mawimbi si jeupe, Baba! Lina zambarau ndani yake. Mama hakuchora wimbi hata moja. Aligusa, akaacha, akagusa tena, na jicho langu ndilo linalomalizia kazi.

Na pale mchangani nipo mimi, nukta nyekundu, ndogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Rafiki yangu mmoja, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, aliuliza, "Mbona huna kichwa?" Nikamwambia, "Ninacho, ila nipo mbali."

Naikumbuka siku ile, uliponipeleka kumtembelea Mama alipokuwa akifanya kazi katika nyumba ya wageni kule baharini. Nakumbuka mchanga ndani ya viatu, nawe ukininyanyua na kunikung'uta. Lakini sikumbuki Mama alikuwa wapi. Alisimama upande gani? Aliniambia nisitikisike? Ilikuwa saa ngapi? Nauliza kwa sababu picha zetu zitatundikwa ukumbini siku ya wazazi, tarehe mosi Juni, na kila moja itakuwa na kikaratasi chini yake. Mstari wa kwanza nimekwisha kuuandika: Picha hii ilichorwa na mama yangu. Nukta nyekundu ni mimi.

Mwanao,
Kifutio


Karakana,
14 Februari

Kifutio wangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na matundu mawili, mahali ulipofuta mpaka karatasi ikasalimu amri. Jina hili nilikupa ukiwa darasa la pili na naona hutaki kulivua.

Sisi wazima. Ukutani pale ilipokuwa picha pamebaki mraba safi kuliko ukuta wote, na Shangazi yako anasema sasa nimeumbuka, kila mgeni ataona jinsi nisivyopaka rangi nyumba yangu mwenyewe. Fundi rangi ndivyo tulivyo.

Umeuliza saa. Nadhani ilikuwa alasiri. Ni siku nyingi. Mama yako hakuwa mtu wa kuamuru watu wasimame wima.

Mimi picha za namna ile sizielewi sana, unajua. Kazi yangu ni herufi. Mzee aliyenifundisha kuandika vibao vya maduka alikuwa, kila nikimaliza kimoja, ananivusha barabara na kuniambia, "Soma." Nikikwama kwenye herufi moja, ananifutisha kibao kizima. Kisichosomeka kutoka ng'ambo ya barabara ni rangi iliyomwagika, hakuna zaidi. Mama yako alikuwa akinicheka kwa hilo.

Usiiweke picha juani. Usiache vumbi lijae. Na huyo Redio asiiguse, mikono ya watu wasionyamaza huwa haitulii.

Soma kwa bidii.

Baba yako


Bwenini,
27 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Wiki hizi nimejifunza kutazama jinsi brashi ilivyopita. Mwalimu anasema brashi huacha nyayo, na ukizifuata utajua mtu alikwendaje.

Nimezifuata nyayo za Mama. Upande wa kushoto rangi ni nene. Ukipitisha kidole karibu yake bila kugusa, unaona kivuli cha kila mfuo wa brashi. Upande wa kulia mipigo inakuwa mifupi, halafu myembamba, na pembe ya juu kabisa haina rangi, kitambaa kiko wazi. Nimeandika kwamba msanii alitaka kuonyesha upepo. Jambo jingine: bahari imeinama. Nilipima kwa rula. Mstari wa mbali unashuka kuelekea kulia kama meza yenye mguu mbovu.

Halafu kuna ule mstari mweupe uliosimama pembeni kushoto. Siku zote nilidhani ni nguzo. Mwalimu aliutazama akasema, "Hii ni fremu ya dirisha. Huyu alikuwa ndani." Baba, kumbe Mama alikuwa ndani? Na mchanga uko chini sana, maana yake alikuwa ghorofani. Basi mimi nilikuwa mchangani na nani? Na wewe?

Mwalimu pia alikaa sana kwenye nukta yangu. Anasema haifanani na kitu kingine chochote kwenye picha hii. Haina mifuo. Imelala bapa, kingo zake zimenyooka, imewekwa mara moja tu bila kurudiwa. "Aliyeiweka hii," alisema, "alikuwa na mkono imara mno." Nilifurahi. Nilijiambia kumbe Mama alinichora kwa uangalifu kuliko alivyochora bahari.

Nasubiri majibu yako ili niendelee na kikaratasi.

Mwanao,
Kifutio


Nyumbani,
10 Machi

Mwanangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu wa kuku. Baba yako yu mzima, anakula, anakoroma. Ila barua yako aliisoma akiwa juu ya ngazi, akashuka, akaikunja, akaitia mfukoni. Jana kaandika kibao cha duka la dawa na neno "la" kaliweka mara mbili. Baba yako! Mwenye duka alicheka mpaka akakaa. Baba yako hakucheka. Alikipaka chote rangi nyeupe, akaanza upya.

Nikamuuliza, "Mtoto kaandika nini?" Akasema, "Kaandika anachokiona." Nikasema, "Basi mjibu." Akatoka nje.

Mimi ni dada yake, namjua toka hajajua kujifunga kamba za viatu. Kuna mambo akiyabeba hayaweki chini. Mpe muda. Mwandikie habari za hesabu, za chakula, za huyo Redio wako, na dirisha liache kidogo. Nami sina ruhusa ya kusema zaidi, na unajua jinsi ninavyoteseka nikiwa sina ruhusa ya kusema.

Sweta ninalokufumia limekaribia kwisha. Limebaki mkono mmoja. Ni jekundu, ulivyotaka.

Shangazi yako


Bwenini,
15 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimefanya kosa kubwa na sijui pa kuanzia.

Jana ilikuwa siku ya usafi. Nilifuta madirisha ya bweni, nikafuta meza, na kitambaa kilikuwa bado mkononi. Picha ilikuwa na vumbi, nawe ulisema nisiache vumbi lijae. Nikasuuza kitambaa, nikakikamua vizuri, nikaanza kufuta kutoka juu, polepole, kama ninavyofuta kioo cha saa. Anga halikutikisika. Bahari haikutikisika, ila ilizidi kung'aa. Nilifurahi kabisa. Nikafika mchangani, nikapitisha mara moja. Nilipogeuza kitambaa kilikuwa chekundu.

Nimejifuta, Baba. Mama aliniweka pale nami nimejifuta kwa mkono wangu.

Nilikimbia nayo kwa mwalimu nikilia. Hakunigombeza. Aliipeleka picha dirishani, akaitazama muda mrefu, kisha akaniambia nisogee nitazame mahali pale, niseme ninachokiona. Niliona mchanga. Mipigo ya Mama imepita pale chini moja kwa moja, ya manjano na ya kijivu, bila kukatika. Hakuna nafasi iliyoachwa. Mwalimu akasema Mama alitumia rangi ya mafuta, nayo ikishakauka haitoki kwa maji. Hii nyekundu ilikuwa rangi ya maji. Iliwekwa baadaye, na mkono mwingine.

Nilimwuliza, "Mkono wa nani?" Akasema, "Hilo mimi sioni."

Nakuuliza wewe. Mama alinichora au hakunichora? Na kama hakunichora, ni nani aliyeniweka pale?

Mwanao


Karakana,
24 Machi

Mwanangu,

Futa machozi. Hukufuta kitu cha mama yako. Ulichofuta ni changu.

Nilikukataza jua, nikakukataza vumbi. Maji sikuyataja kwa sababu ungeniuliza kwa nini. Kwa hiyo kosa hilo lilianza kwangu.

Hakukuwa na nyumba ya wageni. Ilikuwa hospitali, na dirisha lile lilikuwa la wodi ya wagonjwa wa kifua, ghorofa ya pili. Mama yako alilazwa ukiwa na miaka mitatu, akakaa miezi minane, akafia pale. Nilikwambia alipata homa akaondoka ghafla. Hakuondoka ghafla.

Picha aliichora akiwa kitandani, ameegemezwa kwa mito. Ndiyo maana bahari imeinama. Ile pembe ya juu mkono wake haukufika. Alianzia kushoto alipokuwa na nguvu, na kulia ni zile wiki za mwisho. Hakukuwa na upepo, mwanangu.

Watoto hawakuruhusiwa kuingia wodini. Lakini siwezi kujificha nyuma ya hilo. Alikuulizia kila nilipokwenda. Unaujua wimbo gani mpya, umeota jino lipi. Aliomba nikulete hata mlangoni. Nilimwambia, "Akipata nafuu kidogo." Nikimaanisha wewe, ati una mafua. Mara nyingine ilikuwa barabara, au kazi. Kila mara nilikuwa na sababu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa umwone alivyokonda, halafu umkumbuke hivyo. Nikachagua usimkumbuke kabisa. Niliona ni hekima.

Muuguzi alinikabidhi picha imefungwa kwenye shuka. Niliitundika. Ulipofika miaka mitano ulipanda kiti, ukaitafuta yote kwa kidole, ukaniuliza, "Mimi niko wapi?" Nikakwambia, "Kesho utajiona." Ulipokwenda shule nilichukua brashi bapa na rangi nyekundu ya maji iliyobaki kwenye kibao cha bei cha bucha, kile kinachofutwa bei zikipanda. Ndiyo iliyokuwa karibu. Niliiweka mara moja, nikanawa. Uliporudi ukajiona, ulifurahi mpaka ukagaagaa sakafuni. Baada ya hapo ilinibidi nitunge safari ya kuizunguka ile nukta, na kila ulipouliza niliongeza kipande.

Siku ya wazazi nitakuja na rangi ya mafuta, niiweke tena mahali pake. Safari hii haitatoka.

Nisamehe.

Baba yako


Bwenini,
2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza sikulia. Mara ya pili nililia nilipofika kwenye bucha.

Nimekasirika. Neno hilo nimeliandika kwa kalamu ya wino ili nisiweze kulifuta.

Kama sikwenda, mchanga ule ninaoukumbuka ndani ya viatu ni wa wapi? Niliutunza miaka yote. Nilikuwa nikiutumia kila nilipotaka kumwona Mama. Nilikuwa naanzia kwenye viatu, napanda juu taratibu, nikitumaini siku moja nitafika usoni kwake. Sikuwahi kupita magoti.

Katika daftari langu nimeacha ile sentensi ya upepo. Nimeongeza chini yake: Alikuwa amechoka, lakini hakupunguza rangi. Ni kweli, Baba. Kulia mipigo ni myembamba, lakini zambarau ipo mpaka mwisho. Ile waridi pia ipo. Kama alikuwa anachoka, hakuchoka kutazama.

Tafadhali usilete rangi nyekundu.

Badala yake naomba kitu kimoja. Shule inafunga tarehe kumi na nane. Nipeleke pale, kama jengo bado lipo. Wewe upande mpaka kwenye dirisha lile, mimi nishuke nisimame mchangani, pale ilipokuwa nukta. Nataka kujua kama angetazama nje, ningeonekana.

Mwanao,
Kifutio


Bwenini,
9 Mei

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimefika salama. Redio amenisimulia likizo yake yote kabla sijafungua sanduku.

Nimekaa siku tatu nikifikiri namna ya kuandika barua hii. Tulikuwa pamoja safari nzima, kwenda na kurudi, na nadhani tulisema maneno kumi. "Umeshiba?" "Ndiyo." "Una baridi?" "Hapana." Nilikuwa nasubiri useme. Labda nawe ulikuwa unasubiri niulize.

Basi nikueleze upande wangu. Mlinzi aliposema wodi za juu siku hizi ni stoo ya viti, niliogopa utageuka turudi. Ulipoanza kupanda ngazi bila kunitazama, nilivaa sweta la Shangazi nikashuka. Mchanga ulikuwa wa baridi na mgumu kuliko nilivyowazia. Nilitafuta mahali pangu kwa kukumbuka picha: kushoto kwa mwamba mdogo, karibu na mahali ambapo maji yanafika na kurudi. Mwamba upo, Baba. Mama aliuchora kwa mpigo mmoja wa kahawia, na kweli ndivyo ulivyo, kama kitu kilichosahauliwa.

Nikageuka. Madirisha yalikuwa mengi, yote yana jua kwenye vioo, yote meupe. Sikujua lako ni lipi. Nilihesabu mpaka mia. Niliinua mikono. Nilihesabu tena mpaka mia. Kwa kuwa sikujua ulipo, niliyatazama yote, moja baada ya jingine, ili angalau moja liwe lake.

Ulichelewa sana kushuka, na uliposhuka mkono wa shati lako ulikuwa mchafu.

Picha bado haina nukta. Redio anasema sasa imetulia zaidi, nami nimemnunia siku mbili. Kikaratasi nimekifuta chote, na zimebaki wiki tatu. Siwezi kuandika kitu mpaka unijibu. Uliona nini kutoka pale juu?

Mwanao,
Kifutio


Karakana,
19 Mei

Kifutio wangu,

Marahaba.

Naanza na mchanga wa viatu. Ulikuwa wa waashi waliokuwa wakijenga ng'ambo ya karakana yangu. Siku moja ulitoroka ukapanda lundo lao, nikakutoa, nikakunyanyua na kukukung'uta. Hicho kipande ni cha kweli. Mama yako nilimsimulia nilipokwenda kumwona, akacheka mpaka akakohoa. Kwa hiyo mchanga huo yeye pia aliujua.

Sasa jambo nililoliacha katika barua yangu ya Machi. Ulipoandika kwamba unataka kusimama mchangani nami niwe dirishani, nilikuwa kazini, nikaweka brashi chini. Mama yako aliniomba hilohilo. Ilikuwa mwezi wa sita wa kulazwa kwake, alipokwisha kuzichoka sababu zangu. Aliacha kuomba uingie wodini. Alisema, "Basi mlete asimame pale chini tu. Mvalishe kitu chekundu."

Nikamwambia, "Kutoka hapa utaona nini? Utaona nukta."

Akasema, "Nukta inanitosha."

Nilidhani ni homa inayosema. Nilipiga hesabu kama fundi wa vibao: uso hautasomeka, mkono hautasomeka, safari ya siku nzima kwa kitu kisichosomeka. Sikukuleta. Watoto walikatazwa wodini, mwanangu. Mchangani hakuna aliyewakataza.

Na ile rangi ya bucha haikuwa karibu. Nilizipita nyeusi, bluu na kijani ili kuifikia.

Umeuliza niliona nini. Kioo kilikuwa na vumbi la miaka, nikakifuta kwa mkono wa shati. Mchangani walikuwapo watu: mwanamume na mbwa wake, wanawake wawili wenye mwavuli, watoto wakichimba. Sikuona uso wako. Sikuona kama unacheka au umenuna. Mikono sikuiona mpaka ulipoiinua. Niliona nukta nyekundu, nikakujua. Nilikujua hata kabla hujasimama, kwa ile namna yako ya kuruka pembeni maji yakija. Hakukuwa na kitu cha kusoma.

Nilichelewa kushuka kwa sababu nilikuwa nakutazama kwa niaba yake. Miezi miwili aliyobakiwa nayo baada ya kuniomba ni siku kama sitini. Siku yoyote kati ya hizo ingetosha. Hilo halirekebishiki kwa rangi ya maji wala ya mafuta, na sitaleta brashi.

Kuhusu kikaratasi, andika unachokiona, kama mwalimu wako anavyotaka. Sweta lako livae siku hiyo. Mimi nitakuja tarehe mosi. Nitasimama mbali kwanza, halafu nitasogea.

Baba yako